Posa ya Chuo cha Kagugu

Siku za kazi Gasana alikuwa fundi viatu wa Niboye kama mafundi wengine, gundi vidoleni, misumari mdomoni. Ikifika Jumamosi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alijifunga shuka la sherehe begani, akashika fimbo, akaenda kusema. Ukoo wowote wenye kijana anayetaka kuoa ulimtafuta yeye awe msemaji wao siku ya gusaba, siku ya kwenda kumwomba binti kwa wazazi wake.

Na siku hiyo ina mchezo wake. Upande wa binti lazima ukatae kwanza. Watasema binti ameshachumbiwa, watasema amekwenda utawani, watasema nyumba hii haijawahi kuzaa binti, na binti mwenyewe yuko chumba cha pili amevishwa tayari. Msemaji hakasiriki. Anacheka, anasifu ng'ombe wa wenyeji, anapita njia nyingine, mpaka wanakubali. Gasana alikuwa bingwa wa hayo. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia hapana ambayo kweli ilikuwa hapana, na hilo ndilo lililomponza.

Jirani yake alikuwa Mukabalisa, mama muuza mboga, mjane. Wote wawili walikulia Karagwe, upande wa Tanzania, ndiyo maana wakikaa pamoja jioni Kiswahili kiliwatoka chenyewe. Mukabalisa alikuwa na mtoto mmoja, Uwera, msichana mpole mwenye kufikiri kabla ya kujibu. Uwera alikuwa amemaliza sekondari na matokeo yametoka: B moja, C mbili, na hisabati D. Si aibu, wala si sifa. Chuo cha ufundi kilikuwa kimempa nafasi, akitakiwa tu kuthibitisha kabla ya Ijumaa. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye chuo kimoja kule Kagugu, chuo cha kuchagua watu kama mtu anavyochagua maharage, punje moja moja.

Jioni moja Mukabalisa aliweka chai, akamwita Gasana na mwalimu Révérien wa nyumba ya juu, apate ushauri.

Révérien aliangalia karatasi ya matokeo, akairudisha polepole. "Mama Uwera, sitakudanganya. Pale Kagugu wanaoingia wana A mstari mzima, na bado wengi wanaachwa. Huyu mtoto athibitishe ufundi kesho asubuhi. Akitaka Kagugu, ajaribu pia, ila mguu mmoja uwe ndani tayari."

"Mwalimu," Gasana alisema, "na wewe uliposa hivyo? Mguu mmoja kwa mke wako, mwingine kwa jirani?"

Mukabalisa alicheka mpaka chai ikamwagika. Révérien naye alicheka kidogo. "Muzehe, chuo si mwanamke."

"Chuo ni nyumba ya watu. Kina mlango, kina wenyewe. Ukienda kuomba nyumba hii huku umeshika mkono wa nyumba nyingine, wataona. Mtu anayeomba kweli anaomba mahali pamoja."

"Kwa hiyo unaonaje, Gasana?" Mukabalisa aliuliza, na sauti yake sasa haikuwa ya kucheka. "Wewe umeona watu wengi. Atapata?"

Gasana alimtazama Uwera aliyekaa karibu na mlango, mikono magotini. Alimwona akiwa na adabu, akiwa na sura ya mtu wa kupendwa, na aliamini alichokisema. "Atapata. Nitakwenda naye mimi mwenyewe."

Chuo kilikuwa kimetenga siku ya kuwapokea waombaji, kila mmoja aketi kidogo na mtu wa ofisi ajieleze. Wenzake Uwera walikuja peke yao. Yeye alikuja na Gasana, shuka begani, fimbo mkononi, na kibuyu kidogo cha asali. Njiani mzee alikuwa amempa maagizo: "Wewe nyamaza. Anayeombewa hasemi. Inamisha macho, mengine niachie."

Aliyewapokea aliitwa Shallon, mama kijana aliyekulia Uganda, mwenye Kiswahili cha kukatakata lakini cha upole. Alipoona kibuyu alirudisha viganja nyuma. "Mzee, pole, hapa hatupokei kitu. Ni sheria."

Gasana alitabasamu. Wanakataa kwanza. Aliweka kibuyu chini ya kiti, akasimama, akaanza. Alisifu kilima cha Kagugu, akasifu walimu ambao hajawaona, akasema wamefuata harufu nzuri ya nyumba hii tangu Niboye. Shallon alicheka kwa furaha ya kweli. Watu wa meza za pili waligeuka kusikiliza. Gasana aliona ukumbi umelegea, kama anavyouona kila Jumamosi.

Kisha Shallon aliinama upande wa Uwera. "Na wewe, dada? Hii hesabu yako, mwaka wa mwisho ilianguka sana. Kulikuwa iko nini?"

Uwera aliinua uso. Midomo ilifunguka.

"Hesabu ya binti ni hii," Gasana alidakia, "akipewa kimoja anarudisha viwili!"

Meza zote zikacheka. Uwera akainamisha macho tena.

Shallon alimgeukia Gasana. "Mzee, nikuambie ukweli. Kwa alama hizi ni ngumu. Ngumu sana."

"Tumewahi kuambiwa binti yuko utawani," Gasana alijibu, "na jioni hiyohiyo tukala naye."

Shallon hakucheka sasa. Lakini alimwona ni mzee, ametoka mbali, na mtu aliyelelewa vizuri hamwachi mzee aondoke peke yake. Aliwasindikiza mpaka getini, kibuyu amekibeba mwenyewe, akamrudishia kwa mikono miwili. "Ningependa kumsikia yeye," alisema.

Gasana hakulishika neno hilo. Alishika kusindikizwa. Maisha yake yote hakuona mtu akimsindikiza mgeni aliyemnyima.

Kwenye kituo cha basi Uwera alisema taratibu, "Mzee, nilikuwa na kitu cha kusema."

"Hata bibi harusi huwa nacho. Atakisema akishaingia nyumbani kwake."

Uwera alipanda basi. Ijumaa ilifika, mama yake akamwuliza Gasana kama wathibitishe kule chuo cha ufundi. Gasana akasema, "Tumesindikizwa, mama. Usiwavunjie heshima." Ijumaa ikapita.

Jibu la Kagugu lilikuja kwenye simu, maneno machache ya heshima. Uwera alimsomea mama yake mara moja tu. Walipokimbilia chuo cha ufundi, nafasi ilikuwa imeshapewa mwingine. Jioni hiyo Gasana alikwenda akakuta mlango umerudishwa. Mukabalisa alimfungulia, hakumfokea, na angemfokea ingekuwa nafuu.

"Ulijua alitaka kumwambia nini yule mama wa ofisini?" aliuliza. "Mwaka ule wa mwisho nililazwa. Huyu mtoto alilala chini ya kitanda changu hospitali, asubuhi anakwenda shule kutoka huko. Hesabu alijifundisha mwenyewe kwenye korido. Alitaka kusema hayo tu."

Gasana alikaa na kofia mkononi.

Miezi ikaenda. Jumamosi moja alisimama tena kwenye sherehe kule Kanombe, kwa sababu alikuwa ameuahidi ukoo wa kijana zamani. Msemaji wa wenyeji, bwana mmoja mchangamfu, alimsikiliza, kisha akatikisa kichwa kama inavyotakiwa. "Muzehe, mmechelewa. Nafasi ya binti wetu imeshachukuliwa."

Watu wakageuka, wakangoja jibu kwa tabasamu. Gasana alifungua mdomo. Katikati ya viti alipita msichana wa kugawa vinywaji, sinia la soda begani, kitambaa cha kazi kiunoni. Alikuwa Uwera. Aliona mzee amekwama, akapunguza mwendo, akamwekea chupa mezani.

"Mzee, wajibu," alimnong'oneza. "Wanakungoja. Ni mchezo tu."

Gasana aliegemeza fimbo kwenye kiti.

"Basi tumesikia," alisema, na akaketi.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko na makofi, wakidhani amebuni mbinu mpya. Baba wa kijana akampigapiga begani. Gasana hakugeuka. Alikuwa akimtazama Uwera, ambaye hakucheka, akiinua sinia lake na kwenda meza ya pili.