Mabua ya Mama

Juzi nilikwenda Segerea kumzika baba mdogo. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza wasifu. Msomaji alipofika kwenye "marehemu alikuwa mfugaji hodari, ndiye aliyewafundisha majirani kulisha ng'ombe mabua ya mpunga," niliinuka. Nikatoka nje ya turubai. Ningebaki pale ningesema. Basi ngoja nikwambie wewe, rafiki yangu.

Mabua yale yalikuwa ya mama. Baba alipofariki alituachia ng'ombe wawili wa maziwa kwenye banda nyuma ya nyumba. Kiangazi kikikaza, majani mabichi huyapati, na mabua ya mpunga ni makavu, magumu. Ng'ombe anatafuna kutwa na maziwa hayaji. Mama alimuuliza bwana mifugo, akaelekezwa. Akachimba shimo, akatandika nailoni. Sie watoto tulipanga mabua, yeye ananyunyizia maji yenye mbolea ya urea aliyoipima mwenyewe, halafu tunayakanyaga huku tukiimba mapambio ya kwaya yake. Tukishafunika na kuweka mawe juu, hakuna kugusa mpaka majuma yapite.

Siku ya kufunua, ile harufu! Inachoma macho kama choo cha stendi. Mama aliyaacha kwanza yapigwe upepo mpaka harufu ipungue, ndipo ayachanganye na pumba. Yalikuwa yamelainika, yamegeuka rangi ya kahawia, na ng'ombe waliyagombania. Alfajiri ulisikia maziwa yakilia kwenye ndoo, na jirani yetu, mama wa pwani aliyekuwa akipika vitumbua, keshafika uani na sufuria yake. Tukilalamika kungoja shimo, jirani huyo alitucheka: "Nyie! Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Kisha baba mdogo akahamia kwetu, eti kusimamia mali ya kaka yake. Jumapili moja mama alikuwa kanisani, mie nimebaki na homa. Baba mdogo alikuta hori tupu, na mabua ya shimoni bado hayajaiva. Akachukua urea iliyobaki stoo, akaikoroga kwenye ndoo.

"Baba mdogo, mama amesema lazima ifunikwe kwanza," nikamwambia.

"Mama yako ndiye daktari wa mifugo? Dawa si ndiyo hii hii?"

Akaimwaga juu ya mabua makavu, akampa yule ng'ombe mkubwa, ndiye aliyekuwa na njaa zaidi.

Haikuchukua muda. Ng'ombe alianza kutetemeka, mate yakimtoka kama povu la sabuni, tumbo likajaa. Nilipiga kelele. Jirani akaja mbio na chupa ya siki kutoka jikoni kwake, mama naye akafika na sare ya kwaya bado mwilini. Wakachanganya siki na maji ili kuua sumu ya urea, wakamnywesha kwa chupa. Alianguka, akafa wakimshika kichwa. Mama alikaa chini kwenye samadi na sare yake nyeupe.

Ndugu wa baba walipokuja kikao, baba mdogo alisema mama ndiye aliyezidisha dawa. Akasema mwanamke hajui kutunza mali ya marehemu. Nikasimama: "Ni yeye! Nilimwona!"

"Kaa chini," shangazi akanikemea. "Mtoto haingilii mambo ya wakubwa."

Wakaamua ng'ombe aliyebaki auzwe. Baba mdogo ndiye aliyemswaga hadi Vingunguti, machinjioni. Ng'ombe mwenye mimba! Mpaka leo njia ile naikwepa.

Banda sasa ni vyumba vya kupangisha. Shimo limefukiwa, juu yake kuna sakafu ya saruji na pikipiki za wapangaji. Mtaa mzima hausikii tena ng'ombe akilia. Watoto wanajua maziwa ya paketi tu. Jirani wa vitumbua alishatangulia mbele ya haki, na tunaokumbuka nani alichimba lile shimo hatufiki hata kujaza benchi.

Mama alinifuata nje ya turubai. Amezeeka, miguu inamsumbua. Akanishika mkono.

"Mwanangu, marehemu hasemwi vibaya."

Nikanyamaza kwa heshima yake. Lakini mama yangu alipokuwa akisemwa kwenye kikao kile alikuwa hai, amekaa pale pale mkekani, na alikuwa anasikia kila neno.