Kamba za Mama Simone

Mimi Kalumba nilikula cha Kampuni, na nilikula vizuri. Leo nusu ya mwili wangu imelala. Mkono wa kulia unaning'inia kama wa kuazima, mdomo umepinda, na mke wangu Valérie ndiye anayeniandikia, kwa sababu nikisema mwenyewe watu wanasikia uji tu. Kuna mahali atagoma kuandika ninavyotaka, namjua. Nataka kueleza habari za mwanamke aliyenipima tumbo miaka tisa, nami nikamlipa kwa maneno mawili.

Aliitwa Simone Mwadi, muuguzi wa dispensari yetu ya Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa Kampuni. Baba yake aliletwa na treni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na Kasai aliijua kama mimi ninavyoijua Ulaya, kwa kusikia. Alikuwa mjane, mwembamba, mkali, na sweta lake la buluu hakulivua hata jua likiwaka. Wake zetu walimsema sana. Mtu anapokea posho kamili, unga gunia zima, samaki, mafuta, na hanenepi! Chakula anakipeleka wapi? Kwetu Kapata wembamba ulikuwa na maelezo mawili, umaskini au uchawi, na Mama Simone hakuwa maskini.

Mwaka 1982 akaja daktari wa utafiti, amebeba mizani inayong'aa. Alitaka kujua kama unene unawaletea watu wa migodi shinikizo la damu na sukari, kama unavyowaletea watu wa kwao. Swali zuri. Sisi tukalielewa kwa namna yetu. Baba zetu walikuwa wametusimulia: zamani walipoandikwa kazi, mzungu aliwapandisha kwenye mizani mmoja mmoja, na mwenye kilo chache alirudishwa kijijini siku hiyohiyo. Na mwaka ule uvumi ulikuwa umejaa kwamba Kampuni inataka kupunguza watu. Sasa mizani inaletwa. Utahitaji nani akufafanulie?

Tukabeba mawe. Si mawe ya barabarani, tulikuwa watu wa kazi bwana, tunajua uzito. Tulibeba mawe ya shaba, yale ya kijani, mazito kupita kimo chake. Mimi wakati huo nilikuwa karani mwembamba wa stoo, kilo sitini na moja. Nikatia mawe mifuko minne ya koti na mawili ndani ya viatu, nikatembea kama bata hadi juu ya mizani. Daktari akaandika sabini na tatu. Aliangalia sindano ya mizani, sisi hakutuangalia. Kisha akanifunga mkono, akapima shinikizo, akalikuta la kijana wa michezo. Akatikisa kichwa kwa mshangao. Mtu mnene namna hii, na damu safi namna hii!

Wanene wa kweli, yaani wakubwa wetu, hawakusimama foleni. Walituma salamu kwamba wana kazi. Kwa hiyo utafiti wa unene ulifanywa juu ya watu wembamba wenye mawe mfukoni, nasi tukarudi nyumbani tukicheka, tukiamini tumeokoa kazi zetu.

Mama Simone ndiye aliyefagia. Nyuma ya ukuta wa dispensari alikuta rundo la mawe ya kijani, maana kila aliyeshuka kwenye mizani alikuwa akienda kuyamwaga huko. Akajaza ndoo, akaibeba hadi mezani kwa daktari.

"Docteur, kilo ya bantu yako ni hii," akamwambia. "Inabakia mu ndoo."

Daktari akamjibu kwamba mizani yake imetoka Ulaya. Akafunga sanduku, akaenda zake. Mwaka uliofuata ripoti ikafika: kwa wafanyakazi wa migodi hii, unene haudhuru damu. Ofisini tulifurahi sana. Tumbo lilikuwa limepewa cheti cha mwenendo mwema! Na kama unene hauleti shinikizo, vidonge vya shinikizo ni vya nini? Wakubwa wakaamua viondolewe kwenye orodha ya dawa za Kapata. Mstari wa kuvifuta niliupiga mimi mwenyewe, kwa rula na kalamu nyekundu, ukanyooka vizuri.

Haukupita mwaka, watu wakaanza kuanguka. Badibanga, dereva wa treni, mtu mwenye shingo ya ng'ombe, alianguka kanisani akiwa anapeleka sadaka. Tukasema amerogwa. Mama Simone akasema ni tension, shinikizo la damu. Tukamcheka, kwani sisi tulikuwa na ripoti.

Hapo ndipo alipoanzisha utafiti wake. Mizani hakuitaka tena. Alichukua kamba za katani, kamba moja kwa kila mtu, na kila mwaka, wiki ya kabla ya Pasaka, akapita nyumba kwa nyumba akizungusha kamba kwenye kitovu. Pale ilipokutana anapiga fundo. Jiwe halinenepeshi kiuno. Mwenye shinikizo alifungiwa uzi mwekundu, mwenye sukari uzi mweusi. Kamba mia mbili na kumi, kila moja na kikaratasi cha jina, zimetundikwa kwenye misumari sebuleni kwake, fupi upande wa mlango, ndefu upande wa dirisha. Nyuzi karibu zote zilikuwa dirishani. Hata asiyejua kusoma angesoma ukuta ule.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepanda cheo, nimekuwa chef, mkuu wa stoo, na tumbo likafuata cheo. Valérie alijivuna nalo sokoni, usimsikilize akikataa. Miaka ya kwanza Mama Simone akija na kamba nililisukuma tumbo mbele, nipate heshima yangu yote. Miaka ya mwisho nililivuta ndani.

"Pumua, Tata Kalumba."

"Niko napumua."

"Uko unafunga pumuzi sawa muntu mwenye kuzama. Mi niko na siku muzima. Nitangoya."

Ikabidi nipumue, na tumbo likarudi mahali pake. Mwaka wa tano alinifunga uzi mwekundu.

"Acha munyu," akasema. "Bukari, kata nusu. Na ku kazi wende na mikulu."

"Mama Simone, mu Kampuni muntu wa kutembea na mikulu ni ule mwenye kukosa motokari."

"Njo ule atazika bale ba motokari."

Nilicheka hadi machozi. Jioni nilikula bukari nzima, mlima wa ugali, na samaki wa chumvi juu yake.

Nia yake aliitangaza wazi, hakuficha kitu. Daktari mmoja wa Lubumbashi alikuwa amemwandikia barua: lete kamba na daftari za miaka kumi, nitaziweka mbele ya madaktari wa Kampuni, na vidonge vitarudi Kapata. Miaka kumi ingetimia Pasaka ya 1993. Mama Simone alizihesabu Pasaka hizo kama mwanamke anavyohesabu miezi ya mimba.

Lakini kabla ya Pasaka hiyo kila kitu kilikuwa kimeanza kuporomoka. Mgodi uliporomoka, mshahara ukawa hadithi, posho ikapungua hadi kikombe. Nchi nzima ilikonda isipokuwa kiuno changu, kwa sababu funguo za stoo zilikuwa kwangu. Usiniulize zaidi. Kisha wenye vipaza sauti wakatuambia nani ametula: watu wa Kasai. Wakawaita bilulu, wadudu. Majirani waliobatiza watoto pamoja wakaacha kusalimiana. Na sisi ambao stoo tulikuwa tunaimaliza wenyewe, tulipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu wakafika kwenye safu yetu ya nyumba, wanaume kama thelathini, mbele yao akiwa Nkulu seremala. Walimtoa Mama Simone nje na sweta lake. Walipoingia sebuleni wakakuta ukuta wa kamba. Nkulu ndiye aliyezitoa misumarini. Alitoka nazo mkononi, amezishika mbali na mwili wake.

"Mi napimaka maiti na kamba," akasema. "Kamba ya kupima muntu ni ya sanduku tu. Huyu mama anatupima sisi bote, tungali bazima!"

Ukweli ni kwamba hakuwa anaigiza. Kwetu kamba iliyopima mwili wa mtu ilikuwa na kazi moja tu, na fundi huizika pamoja na maiti. Wenzake wakarudi nyuma hatua mbili. Kisha Nkulu akaniona mimi, nimesimama kwenye kizingiti changu, mtu mzima, chef, mwenye tumbo linaloaminika.

"Tata Kalumba, uko jirani yake. Bile bikamba ni bya nini?"

Nilijua. Hakuna mtu safu nzima aliyejua kuliko mimi. Ningesema ni kazi ya dispensari, ni ya kurudisha dawa, na mimi mwenyewe nimepimwa mara tisa na bado nakula. Nkulu angenisikiliza, alikuwa akipata mbao zake kwangu. Lakini niliwaza kwamba mtetezi wa kilulu naye ni kilulu, niliwaza nyumba yangu, na nitasema yote, niliwaza chakula cha mchana.

"Mi siyui," nikajibu.

Wakazichoma palepale uani, pamoja na daftari. Katani huwaka haraka. Mama Simone hakulia wala hakuwatukana. Aligeuka akaniangalia, akaita, "Tata Kalumba," kwa sauti ileile aliyotumia kuita foleni ya dispensari, kana kwamba zamu yangu imefika. Nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilimkasirikia yeye, fikiria! Nilimkasirikia wiki nzima kwa kutaja jina langu mbele za watu.

Yeye na watu wa Kasai wote waliofukuzwa walikaa stesheni wiki nyingi, familia juu ya familia, wakingoja mabehewa. Nilimkataza Valérie asiende. Akaenda, na unga wa stoo yangu. Mwishowe treni ikawachukua kupitia Tenke kwenda Kasai, nchi ambayo Mama Simone hakuwahi kuiona. Waliopanda wanene walishuka wembamba, na wengine hawakushuka. Dispensari ikapewa mtu aliyejua kutoa kwinini.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kilinikataa, kikaacha kiharusi kiniumbue. Ilikuwa 1995, niko stoo, sibebi kitu, nasoma orodha tu. Herufi zikalala ubavu, nami nikalala nazo. Walinifikisha dispensari, Valérie akaomba vidonge vya shinikizo. Yule mtu akafungua orodha, akamwonyesha mstari mwekundu ulionyooka.

Dawa Valérie alizitafuta kwa wachuuzi, kidonge leo, kidonge kesho kutwa. Nilipoweza kukaa kitandani, alitoa kitu kwenye kikapu cha nguo zake, akakiweka juu ya tumbo langu. Ilikuwa kamba, mafundo tisa, uzi mwekundu tangu la tano, na kikaratasi: Kalumba. Siku mbili kabla ya moto Mama Simone alikuwa ameitoa ukutani, akamletea Valérie aone kwa macho yake, apunguze chumvi. Ilikuwa nyumbani mwangu siku ile ninajibu sijui.

Pasaka ya 1996 Valérie alinizungushia kamba hiyo, akapiga fundo la kumi. Lilirudi nyuma ya la tisa, karibu na la saba. Alipima urefu kwa sentimita, akaandika barua, akampa mtu wa reli anayekwenda Mwene-Ditu, tulikosikia kwamba Mama Simone anauza mafuta ya mawese na kupima wajawazito bure. Sikutegemea jibu. Jibu lilichukua miezi minne, limekunjwa ndani ya kipande cha gazeti. Valérie alinisomea kwa sauti.

"Mama Valérie, aksanti kwa kipimo. Ulimupima na mawe ao bila mawe? Kama ni bila mawe, upige fundo kila mwaka na unitumie. Batu mia mbili na kumi, nimebakia na mumoja. Nitaanza naye."

Valérie alicheka hadi akaketi chini. Mimi nilicheka kwa upande unaocheka. Kisha nikahesabu. Kamba mia mbili na tisa za waliopimwa bila hila zimekuwa majivu, na utafiti wote umebaki juu ya tumbo la yule mmoja aliyejua na akakana.

Nikamwambia Valérie achukue karatasi amjibu. Akauliza aandike nini. Nikasema, hakusikia, mdomo ulikuwa mzito. Nikasema mara ya pili. Mara ya tatu aliinamisha sikio karibu, akaandika vilevile nilivyosema.

"Mama Simone, bila mawe. Na siku ile, mi niliyuaka."