Twiga Chini ya Chokaa

Chokaa mbichi ina harufu ya nyumba mpya, na watu wengi wanaipenda. Mimi tangu mwaka jana nikiisikia kwenye ukuta wa shule au duka la mtu naondoka. Nikishindwa kuondoka nanuna mpaka watu waniulize nina nini. Nina twiga. Twiga wetu amepakwa chokaa, na aliyempaka alitegemea nimshukuru.

Nianzie mbali, maana hasira hii niliipatia nusu yake India.

Nilisomea ufamasia kule. Likizo moja ya Diwali, mwenzangu wa chumba alinichukua kwao kijijini, treni, kisha basi, kisha mguu. Kumbe ni kijiji cha wakulima wa pamba. Nilipoiona imepasuka shambani na wanawake wameinama wanaichuma, nilisimama njiani nikacheka peke yangu. Nimetoka Bariadi, nimezaliwa kwenye pamba, nimevuka bahari nzima kuja kutazama pamba.

Nyuma ya kijiji kulikuwa na magofu ya hekalu la kale. Paa lilikuwa limeanguka karibu lote. Nguzo za mawe zilichongwa wacheza ngoma, wengine hawana vichwa, na pale mlangoni alisimama tembo wa jiwe aliyekatika mkonga. Mahali alipokaa mungu zamani walikuwa wamelala mbuzi. Wanawake walianika pilipili kwenye sakafu, nyekundu tupu kutoka ukuta mpaka ukuta. Nilifikiri moyoni kwamba hawa watu hawana adabu na vitu vyao. Kisha bibi yake rafiki yangu, kikongwe mwembamba aliyetuongoza, akavua kandambili kwenye mlango usio na mlango, akagusa kizingiti, akagusa paji la uso, akawapita mbuzi taratibu kama anayepita sebuleni kwa watu. Nilipouliza kuhusu mbuzi, alijibu na mjukuu wake akanitafsiria.

"Anasema mungu hana shida na mbuzi. Ana shida na viatu."

Nikavua vyangu haraka.

Juu ya hekalu, mlimani, kuna pango. Ndani yake ukuta umejaa michoro myekundu: ng'ombe wenye nundu, swala, watu wembamba wenye pinde. Bibi alikaa chini akatusimulia. Mungu mmoja wa kike aligombana na mumewe, akakimbilia msituni na mimba yake, akajifungulia humo pangoni. Mtoto alilia, na mama hakuwa na cha kumbembelezea. Basi akachovya kidole kwenye rangi nyekundu aliyojipaka miguuni, ile wanayojipaka wanawake wao mpaka leo, akamchorea ng'ombe ukutani. Mtoto akanyamaza. Mume alipokuja kuwatafuta alisikia ng'ombe wakilia ndani ya jiwe, akafuata sauti, akawapata. Ndiyo maana wanawake wa kijiji kile hupeleka watoto wao pangoni.

Kisha bibi akasimama, akainua kiganja kuelekea ng'ombe mmoja, na mkono ukasimama kabla ya kufika, umebaki upana wa kidole. Haukugusa. Mkono ule niliujua. Ulikuwa mkono wa shangazi yangu.

Kwetu pia kuna pango, kijijini, mwendo wa pikipiki kutoka Bariadi mjini. Ni miamba iliyoegemeana, na ndani yake kuna wanyama wekundu, wengi wamefifia, lakini twiga mmoja alionekana vizuri, shingo yake imefuata ufa wa jiwe. Nani aliwachora, hakuna ajuaye. Shangazi husema ni waliokuwepo kabla ya ng'ombe, na hapo anafunga mjadala. Katika ukoo wetu mtoto akianza kutembea, shangazi mkubwa, dada yake baba, humpeleka mbele ya twiga. Anavua katambuga zake nje. Anapiga funda la maji na kumpulizia mtoto kifuani, anainua kiganja mbele ya twiga bila kumgusa, kisha anamtajia mtoto jina la mzee wa ukoo atakalolibeba. Kabla ya siku hiyo mtoto ana jina la kliniki tu. Jina la kliniki shangazi halitamki hata umpe ng'ombe. Anasema hilo ni la kuchomea sindano.

Pangoni kule India palikuwa na kipande cha ukuta kitupu, kisafi kuliko pengine pote. Bibi alisimama hapo muda mrefu kuliko penginepo, akaweka ua la njano chini. Mjomba wa rafiki yangu, mwalimu wa shule, ndiye aliyenieleza. Kamati fulani ya harusi iliwahi kuandika tangazo pale kwa chokaa. Vijana wenye nia njema wakapanda na ndoo na brashi wakaosha. Chokaa ilitoka, na swala wawili waliokuwa chini yake wakatoka nayo, wakateremka mlimani na maji machafu. Bibi hakuacha kuwapelekea maua.

Mjomba huyo hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa anatafuna karanga aliponiuliza, "Na kwenu Afrika mna kitu gani cha kale? Au ni wanyama tu?"

"Tuna twiga," nikamwambia.

"Si nimesema wanyama."

Nikamweleza nikiwa nimesimama: twiga wa rangi nyekundu, juu ya jiwe, ambaye babu wa babu yangu alimkuta. Nikamweleza kiganja cha shangazi. Aliacha kutafuna. Akaniomba picha, nami sikuwa nayo, kwa sababu twiga wetu hapigwi picha. Shangazi husema anayemtaka amfuate. Tulibadilishana namba za simu, na nikarudi chuoni nikitembea kifua mbele.

Nilimaliza masomo, nikarudi Bariadi, nikapata kazi na baadaye binti. Mwaka jana binti yangu alianza kutembea sebuleni, kutoka kwenye kochi mpaka kwenye ndoo ya maji, na kabla sijamaliza kumpigia makofi nilikuwa nimeshampigia shangazi. Shangazi alikuwa anaisubiri simu hiyo kuliko mimi. Macho yake yalikuwa yanaingia ukungu. Jicho moja lilishafunga, la pili lilikuwa linafuata, na hospitali walishamwambia kwamba lililopotea halirudi. Alitaka kitu kimoja: amwone twiga na amwone mtoto wangu, wote wawili pamoja, wakati bado anaona.

Tulifika kwake kijijini asubuhi.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama kama kawaida yake, huku akimpapasa mtoto mashavu.

"Mwangaluka, sengi," nikamwitikia, maana kwetu shangazi ndiye sengi.

Alikuwa ameshavaa kitenge chake kizuri na maji ameshayatia kwenye kibuyu. Tukapanda kwenda pangoni. Nusu ya njia akasimama.

"Mbona njia inang'aa?"

Nilikuwa nimeshaona. Mawe ya pande zote mbili za njia yalikuwa yamepakwa chokaa, yamepangwa mstari mpaka juu. Nchi hii tunamjua mgeni anayepokewa na mawe meupe. Nikasema labda kuna ugeni.

Mtendaji wetu wa kijiji alikuwa mbele ya pango, ameshika ndoo, na wanaume wawili wakisafisha brashi zao. Alitupokea kwa furaha kabisa.

"Karibuni sana. Kesho mgeni rasmi anakuja kuzindua utalii wa pango letu. Tumepasafisha, ingieni muone wenyewe."

Tukaingia. Ukuta ulikuwa mweupe kutoka chini mpaka mkono wa mtu mrefu unapofika. Katikati, kwa rangi ya bluu, wameandika KARIBU MGENI RASMI.

"Yale madoa ndani yalikuwa yanatia aibu," mtendaji akasema. "Watu wangesema tunafuga ushirikina."

Nilimuuliza mgeni anakuja kutazama nini. Akasema pango la kale. Nikamuuliza pango la kale lina nini ndani. Akatazama ukuta, akanitazama mimi, na nikaona kabisa kwamba swali hilo ndiyo kwanza linamfikia. Alishaambiwa kuna mgeni, na mtu wa kwetu akisikia mgeni anashika ufagio na chokaa. Angeambiwa mgeni anakuja kuliona ziwa angelideki. Niliyomwambia baada ya hapo siyaandiki, na sijutii hata moja. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu na aliyasikia yote.

Shangazi alikuwa amebaki nyuma mlangoni. Alivua katambuga nje. Aliingia na mkono mbele, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya ule ufa, akainua kiganja, kikasimama upana wa kidole kutoka kwenye jiwe. Nikaona pua yake inanusa.

"Mayu, twiga yuko wapi?"

Nilifikiria kumdanganya. Jicho lake lile lingeniruhusu. Lakini ningemdanganya mbele ya twiga mwenyewe.

"Wamempaka chokaa, sengi."

Akashusha mkono.

"Mama, sasa kumepata mwanga," mtendaji akasema, akijaribu kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Vua viatu," shangazi akamwambia.

Alivua. Alisimama na soksi zake kwenye chokaa mbichi, mtu mzima na muhuri wake wa ofisi mfukoni. Shangazi akatoka, akamimina maji ya kibuyu nje, kwenye nyasi.

"Siwezi kumtajia mtoto jina mbele ya ukuta," akaniambia. "Twende nyumbani."

Mgeni rasmi alikuja kesho yake. Nimesimuliwa kwamba alisifu usafi. Alipouliza michoro iko wapi, alijibiwa kwamba utafiti unaendelea.

Jumamosi iliyofuata nilipanda peke yangu na ndoo, sponji na brashi laini ya kuoshea chupa za mtoto. Mimi ni mfamasia, nilijiambia, chokaa haiwezi kunishinda. Nililowesha sponji. Kisha nikakumbuka kile kipande cha ukuta kitupu na ua la njano, na nikampigia mjomba wa rafiki yangu, kule India, nikiwa nimepiga magoti mbele ya lile KARIBU. Tulikuwa hatujazungumza tangu nimalize chuo. Nilimweleza kwa pumzi moja.

"Umegusa?"

"Bado."

"Weka sponji chini. Weka mbali kabisa."

Aliniambia twiga bado yupo, chini ya chokaa, na kwamba mkono wangu ndio utakaommaliza. Nitafute wenye utaalamu. Hapo ndipo nililia, tena kwa hasira, kwa sababu maisha yangu yote nimefundishwa nisimguse, na sasa ningeweza kumfikia kwa kidole, na kutomgusa ndiyo kazi pekee niliyobakiziwa.

Nilipiga simu zote zinazopigwa, mpaka ofisi za mambo ya kale. Niliambiwa mtaalamu yupo, atapangiwa safari. Nimeendelea kupiga. Siku hizi wananitambua kwa sauti, na mtaalamu anaendelea kupangiwa safari. Chokaa ya kumfunika twiga ilipatikana kwa asubuhi moja.

Nilimwambia shangazi kwamba twiga hajafutika. Aligeuza uso wake wote kwangu.

"Kumbe hajafa. Kafunikwa."

Nikaona nafasi. Nikamsimulia habari za bibi wa India, jinsi anavyowapa maua swala ambao hawapo tena. Nikamwambia nasi tunaweza kwenda, tukasimama mbele ya chokaa, akamtajia mtoto jina, kwa sababu twiga yupo pale pale. Shangazi yangu hajawahi kunigombeza tangu niwe mtu mzima. Siku hiyo alinigombeza.

"Huyo bibi anawalilia wafu wake, na anafanya vizuri. Wangu yu hai. Nimfanyie matanga kwa sababu watu wamekosa akili? Wakamfunue. Mtoto atasubiri."

"Na macho yako je, sengi?"

"Hayo waulize waliopaka."

Alikuwa na haki ya kukasirika kuliko mimi, na nilichukia kwamba hasira yake na yangu zinamlipisha mtoto.

Jicho la pili lilifunga mwezi uliopita. Sasa anamjua binti yangu kwa vishindo vya miguu. Binti anakimbia, anapanda viti, anaimba. Mjini anaitwa kwa jina la kliniki, na huko analiitikia. Juzi tulikwenda kumtembelea shangazi. Mtoto akawafukuza kuku mpaka nyuma ya nyumba, na shangazi akawa anamtaka aje ale. Alifungua mdomo, akafunga, akafungua tena. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikasimamisha mwiko.

"Wewe," shangazi akaita kuelekea uani. "Wewe, njoo."

Mtoto akaja mbio. Ameshajua ni yeye anayeitwa.