Miti ya Vitambaa Vyeupe

Nilikosa, tena kwa kiburi, na aliyelipa si mimi.

Niliamini kabisa kwamba wazungu wa utafiti kule Ruiru walikuwa wakifuga ugonjwa. Ndiyo, kuufuga, kama ng'ombe! Kinyozi mmoja wa Thika aliniambia kwamba wanaunenepesha kwenye miti ya kahawa, ukikomaa wanaufungulia mashamba ya Waafrika, tusije tukauza kahawa kama wao. Nami, mwenye cheti cha shule ya usiku, nikaitikia, "Nilijua tu!" Kinyozi alinyoa nywele, akili nilimpa mwenyewe.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa karani wa shamba la majaribio la chuo kimoja cha ufundi Thika. Chuo kilishirikiana na watafiti wa Ruiru kutafuta dawa ya kutu, ule unga wa rangi ya chungwa unaopukutisha majani ya kahawa. Mpulizaji dawa alikuwa Mwaura wa Makongeni, mtu wa darasa la tatu. Alikuwa amebuni kipimo chake cha mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, na chokaa, rahisi hata mkulima mdogo angekimudu. Kikifaulu, kingepelekwa kwa wakulima wetu, naye angehamia Ruiru awe msaidizi wa watafiti.

Msaidizi! Mwaura! Nilicheka mpaka ndege wa Thika wakahama. Mtu anayeandika jina lake kama anayechimba choo!

Siku moja nikaona safu mbili za miti ya kahawa zimefungwa vitambaa vyeupe. Mwaura akazipita na bomba lake mgongoni bila kuzipulizia hata tone.

"Na hizi je?" nikamwuliza.

"Hizo ziache, karani."

"Zina kosa gani?"

"Ziache tu. Ngoja nimalize safu hii, nitakueleza."

"Nielezwe na wewe? Wee! Maliza kazi yako, baba!"

Nikaenda zangu. Sikuhitaji maelezo: nilikuwa nimeligundua zizi la ugonjwa!

Basi kila Mwaura alipokwenda Ruiru kwa mikutano yao, nilivaa bomba nikazipulizia. Msimu mzima wa mvua! Nilijiona mkombozi wa Wakikuyu wote, na Wakamba nikawapa nyongeza.

Ikafika siku ya watafiti kukagua. Miti yote kijani, inang'aa! Nikangoja wazungu wazimie, maana mifugo yao imekufa. Mkubwa wao akageuza majani ya miti ya vitambaa vyeupe, akakuta madoa ya buluu ya dawa.

"Nani amepulizia hapa?"

Wote wakamtazama mwenye bomba.

"Si mimi, bwana," Mwaura akasema.

Hakuna aliyemwamini. Nami, bingwa wa maneno, niliyeweza kumpigia kelele mzee wa watu mbele ya vibarua, nikajifunika uso kwa daftari kama kuku aliyenyeshewa. Ptu! Wiki ile ile Mwaura akarudishwa kwenye jembe. Ruiru hakuhamia, na kipimo chake kikatupwa pamoja na majaribio yote.

Ninyi wenzangu wenye vyeti, mnaowacheka watu wa jembe, sikieni: hakuna mjinga kama mjinga aliyesoma kidogo! Ukiuliza, ngoja ujibiwe. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilisema baada ya miezi, nilipojipeleka Makongeni kwa Mwaura na ratili ya sukari. Tena, Ngai, nilianza kwa kujisifu!

"Baba Njeri, miti ile niliipulizia mimi. Niliua ule ugonjwa waliokuwa wanatufugia."

Mwaura alikuwa anaosha miguu mlangoni. Hakupaza sauti.

"Hakuna aliyefuga ugonjwa, karani. Miti ile iliachwa bila dawa ili ilinganishwe na iliyopuliziwa. Ulipoipulizia yote, hakuna aliyeweza kujua kama dawa yangu inaponya."