Fundi wa Meza ya Mchanga

Zedekiah Ogutu alirudi kutoka vita vya Burma, ambayo askari waliiita Bama, mwaka 1946 akiwa na cheo cha koplo, kovu kwenye paja la kushoto, na ujuzi mmoja ambao kwao Alego haukuwa na kazi yoyote. Alijua kuchukua ramani ya kijeshi na kuigeuza kuwa nchi ndogo juu ya meza, yenye vilima, mabonde na mito, ili maofisa waizunguke na kupanga mapigano kabla hayajaanza.

Alijifunza kazi hiyo huko huko vitani. Alikuwa seremala wa kikosi, na siku moja ofisa mmoja alimwagiza atengeneze sanduku pana lisilo na kifuniko, alijaze mchanga wenye unyevu, kisha alifuate ramani mraba kwa mraba. Zedekiah alitandika nyuzi juu ya mchanga, akasimamisha vijiti kuonyesha urefu wa kila kilima, akaunyanyua mchanga mpaka ukagusa ncha za vijiti. Mito aliifanya kwa uzi wa sufu wa buluu, na msitu kwa vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani. Ofisa alipoona, hakumrudisha tena kwenye useremala.

Ila kulikuwa na asubuhi moja ambayo hakuisahau. Ramani waliyopewa ilikuwa ya miaka mingi nyuma, na mahali fulani ilionyesha mashamba ya mpunga, wazi kabisa. Zedekiah aliyafanya wazi mezani vile vile. Kikosi kilipofika kilikuta mianzi minene, na Wajapani wamejichimbia ndani yake. Wanne walikufa pale pale. Zedekiah mwenyewe alipigwa risasi ya paja, na aliyemfunga jeraha na kumburuta hadi nyuma ya tuta alikuwa Kihara, askari mwenzake kutoka Mutuini, upande wa Dagoretti. Tangu siku hiyo Zedekiah hakuanza kujenga meza yoyote kabla ya kuuliza swali moja: nani ameiona nchi hii kwa macho yake? Ikiwa hakuna aliyeiona, aliomba watu watumwe kwanza wakapeleleze. Maofisa wengine walikasirika, lakini walizoea.

Baada ya vita alikaa Nairobi. Mkewe Rael alikuwa yaya katika nyumba ya Mhindi mmoja Parklands, na walipewa chumba nyuma ya nyumba hiyo. Zedekiah alifanya useremala wa hapa na pale. Jumapili nyingi, baada ya ibada, alipanda baiskeli hadi Mutuini kumtembelea Kihara, ambaye alikuwa na kipande cha shamba, ng'ombe wawili na mke aliyeitwa Milcah. Walikula, walitembea shambani, wakarudi kunywa chai. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 dhidi ya wapiganaji wa msituni, safari hizo zilikatika. Mjaluo kama yeye hakuwa na sababu ya kuonekana huko, na Kihara hakuweza kutoka bila pasi.

Mwaka uliofuata ofisa aliyemjua tangu Bama alimtafuta, akampa kazi katika ofisi moja ya jeshi katikati ya mji. Chumba chake kilikuwa nyuma, chini ya paa la bati, chenye meza ya futi kumi na mbili kwa nane. Karani wa ramani alikuwa Mabruki, mtu wa Mombasa, mpole na msafi, aliyejua kila ramani kwa nambari yake kama wengine wanavyojua majina ya jamaa zao. Mkubwa wao alikuwa Kapteni Pelham, kijana wa miaka ishirini na tisa ambaye hakuwahi kupigana vita vikubwa lakini alikuwa amesoma habari zake sana.

Vita vya wakati huo havikuwa na mstari wa mbele. Adui hakuwa na ngome, na mara nyingi hakuwa na sare. Kwa hiyo jeshi lilipigana kwa kuzingira. Kundi moja la askari lilisimama kimya pande zote za eneo, na alfajiri kundi jingine liliingia katikati na kuwasukuma watu wote waende nje, mpaka wawafikie wale waliosimama. Halafu watu walikusanywa na kuchujwa mmoja mmoja. Duara refu lilihitaji askari wengi, na askari hawakutosha. Hivyo Pelham alitafuta mahali ambapo nchi yenyewe ingemlindia: mwamba, mto uliojaa, kinamasi. Hapo aliondoa askari na kuwapeleka kwingine. Kwenye meza ya Zedekiah alipanga hayo yote kwa misumari yenye vichwa vyekundu, na Zedekiah aliyaona yakipangwa mara kumi na tatu kwa mwaka mmoja.

Mara ya kumi na nne ilikuwa Juni 1954. Mabruki alileta ramani, akaitandaza, akasema ni ya upande wa Dagoretti. Zedekiah aliinama, akaona Mutuini.

Alijenga kwa siku mbili. Aliweka vijito viwili, migongo mitatu ya ardhi, barabara ya vumbi, na vibati vidogo mahali pa nyumba. Upande wa magharibi ramani ilionyesha kinamasi chenye urefu wa yadi mia nne hivi, na maelezo ya pembeni yalisema hakipitiki. Zedekiah alikifanya kwa majani makavu yaliyosimamishwa kwenye udongo mweusi. Alijua kwamba maelezo hayo si kweli. Mwaka 1949 Kihara alikuwa amempitisha hapo wakienda kwa wazazi wa Milcah. Wanawake wa Mutuini waliokata matete walikuwa wametandika magogo juu ya tope, inchi chache chini ya maji, na aliyeyajua aliweza kuvuka kwa dakika tano bila kulowa magoti. Wakati ule Zedekiah alimwambia Kihara kwamba kikosi kizima kingeweza kupita hapo kwa safu moja, na walicheka, kwa sababu ilikuwa Jumapili na hakukuwa na kikosi.

Pelham alipokuja aliangalia meza kwa muda mrefu. Aliridhika. Alichomeka misumari kuzunguka eneo lote, akafika kwenye kinamasi, akasita, kisha akapeleka misumari iliyobaki barabarani. Alimtazama Zedekiah kana kwamba anangoja kitu. Zedekiah alikuwa akifagia mchanga uliomwagika sakafuni. Hakuuliza lolote.

Mabruki ndiye aliyeona. Walipobaki wawili, alikunja ramani polepole na kusema kwa sauti ya chini kwamba leo Zedekiah amekuwa mkimya. Zedekiah alijibu kwamba kichwa kinamuuma. Mabruki aliirudisha ramani kabatini, na siku zote zilizofuata hakulitaja jambo hilo tena.

Zedekiah hakumwambia hata Rael. Baadaye sana, alipojaribu kueleza alichokuwa akifikiria, alisema hakutaka kuwasaidia wapiganaji wa msituni. Aliwaogopa, na aliwahi kuona mtu waliyemuua. Wala hakuwa na kinyongo na Pelham. Alifikiri tu kwamba Kihara yuko ndani ya duara, na kwamba duara likiwa na mlango mmoja, Kihara anaujua.

Msako ulifanyika Ijumaa. Kufikia saa nne asubuhi wanaume mia mbili na kumi na moja walikuwa wameketi kwenye majani karibu na barabara, mikono kichwani. Lakini watu waliokuwa wakitafutwa hasa, ambao mpelelezi aliapa kuwa walilala Mutuini usiku huo, hawakuwamo. Mchana askari mmoja aliingia kwenye matete kutafuta kivuli, mguu wake ukakanyaga gogo.

Jumatatu Pelham aliingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Aliongea Kiswahili cha Wazungu, alichojifunza kwa mpishi wake.

"Kila siku wewe nauliza nani ameona hii inchi," alisema. "Mara kumi na tatu nauliza. Hii mara hapana uliza. Sababu gani?"

Zedekiah alikuwa ameshika kijiti cha kupimia. Alikiweka mezani. Uongo alikuwa nao tayari, ule ule wa kichwa kuuma, lakini mbele ya mtu aliyekuwa amehesabu ulimshinda.

"Sababu mimi mwenyewe nimeiona, afande."

Kwa sheria za wakati ule maneno hayo yalitosha kumpeleka mtu mahali pabaya sana. Lakini yangefika mahakamani pamoja na swali jingine, kwamba ofisa gani alipanga msako bila kutuma hata mtu mmoja kukitazama kinamasi, wakati fundi wake alikuwa amemfundisha mara kumi na tatu kutuma. Zedekiah alimwona akilifikiria swali hilo. Halikumchukua muda.

"Mimi hapana sikia hiyo neno," alisema Pelham hatimaye. "Mwisho ya mwezi wewe nakwenda."

Barua aliyopewa ilisema kazi ya meza ya mchanga imepunguzwa. Mabruki aliiandika kwa taipu, akaikagua mara mbili, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Habari ya Kihara ilimfikia wiki tatu baadaye. Alikuwa miongoni mwa wale mia mbili na kumi na moja. Msaliti aliyefunikwa gunia usoni ili asitambulike alimtikisia kichwa kwamba ni mmoja wao, na hiyo ilitosha. Alipelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani. Katika wiki hizo hizo Homgadi mmoja, mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali, aliuawa kwa panga karibu na Mutuini, na watu walisema ni kazi ya wale waliotoroka msako. Wengine walisema ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Hakuna aliyeshtakiwa.

Zedekiah alipata kazi kwa fundi wa samani huko Parklands. Alitengeneza makabati, vitanda na viti vya kulia, na vingi vilipelekwa kwenye nyumba za Wazungu upande wa Lavington. Alikuwa hodari, lakini Rael aliona kwamba ameanza kuamka kabla ya mapambazuko na kuketi kitandani bila kufanya kitu. Alimuuliza, naye akasema ni mazoea ya jeshi. Mwaka wa pili alimweleza yote. Rael alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Baba Odero, mlango uliuacha wazi. Aliyepita si wewe uliyemchagua." Zedekiah alisema hiyo ndiyo shida yenyewe.

Kihara aliachiliwa mwezi wa Novemba 1957. Alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo, na alikuwa na tabia mpya ya kusimama kila mtu alipoingia chumbani. Mutuini aliyoijua haikuwepo. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji cha mistari iliyonyooka, na kinamasi kilikuwa kimechimbiwa mifereji na kupandwa nduma. Zedekiah alikwenda kwa baiskeli, safari ya kwanza baada ya miaka mitano. Waliketi nje kwenye benchi, na kabla chai haijaja alimwambia Kihara habari ya meza, kinamasi na swali ambalo hakuuliza.

Kihara alisikiliza akitazama chini.

"Ulijua nimo ndani?" aliuliza.

"Nilijua. Nilidhani utatoka."

"Nilikuwa nakamua ng'ombe, Koplo. Niliwasikia wakija. Nilisema mimi sina kosa, nitakimbia nini? Ndoo ilikuwa nusu."

Kisha akamweleza alichokijua. Watu watano walipita kwenye magogo asubuhi hiyo. Mmoja alikuwa mwalimu, na sasa alikuwa akifundisha tena huko Limuru. Wawili walifia msituni. Wa nne hakujulikana alipo. Wa tano ndiye ambaye watu walisema alimuua yule Homgadi, ingawa Kihara mwenyewe, baada ya kulifikiria jambo hilo miaka mitatu kambini, hakuwa na hakika.

"Homgadi huyo alikuwa nani?" aliuliza Zedekiah.

"Waweru. Ndugu yake Milcah."

Zedekiah alimkumbuka Waweru. Ni yeye aliyesimama upande wa pili wa kinamasi ile Jumapili ya mwaka 1949, akanyoosha mkono kumsaidia mgeni kutoka kwenye gogo la mwisho.

"Usimwambie Milcah," alisema Kihara. "Si kwamba nakulaumu. Lakini yeye ameshapata jibu analoweza kukaa nalo. Anaamini ni ugomvi wa shamba."

Milcah alikuja na chai na nduma za kuchemsha kwenye sinia. Alimsalimia mgeni kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa kuja, akamuuliza habari za Rael na watoto. Zedekiah alijibu kila swali na kula alichopewa. Alipojiandaa kuondoka, Milcah alimwambia kwamba mjane wa Waweru anaishi mstari wa tatu, na nyumba yake haina mlango wa maana, ni gunia tu. Kama fundi angekuwa na nafasi.

Jumapili iliyofuata Zedekiah alirudi na mlango wa mbao za podo alioufunga kwenye baiskeli, akiwa ameisukuma kwa miguu kutoka Parklands kwa muda wa saa tatu. Mjane alimletea kiti, lakini Zedekiah alikataa kuketi kabla ya kumaliza. Alipima fremu, akaona imepinda upande mmoja, akaranda ukingo wa mlango mpaka ukaingia sawa, akafunga bawaba mbili na komeo la ndani. Mjane aliufungua na kuufunga mara kadhaa. Alisema ni mzito kuliko alivyotazamia. Zedekiah alisema podo ikikauka itapungua uzito, akakusanya randa na misumari, akapanda baiskeli.