Tulivyomfuata Mwizi wa Injini Ng'ambo

Mchuuzi wa dagaa ndiye aliyempigia baba simu: mwizi wetu wa injini yuko Kenya, kwenye mwalo mmoja wa wavuvi ng'ambo ya ziwa, anachonga mitumbwi na amenenepa. Baba akanipigia mimi. Nilifunga duka langu la vitenge pale Nyamagana asubuhi, saa ambazo wenye akili ndio kwanza wanafungua, nikakimbilia kijijini. Mimi jambo likichangamka siwezi kukaa, na hili tulikuwa tumelingoja zaidi ya mwaka.

Huyo jamaa alikuwa fundi mitumbwi hapo kwetu. Asubuhi moja stoo ya injini za wavuvi ilikutwa tupu, fundi hayupo, na kaka yangu, mlinzi wa stoo, amelala mlangoni hata kwa kumwagiwa maji haamki. Alipozinduka akasema hajui kilichompata. Polisi walimhoji wakamwachia. Sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, hawakumwachia. Walimtenga: asisalimiwe, asipewe moto wala chumvi, asikae na watu msibani, na atakayezungumza naye atozwe faini. Kamanda wa sungusungu ni baba. Alitangaza adhabu ya mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya mama. Kaka akahamia Buzuruga, Mwanza mjini, akawa anaziba pancha za bodaboda karibu na stendi. Mimi nilimtembelea kwa kujificha, na nasema wazi, nilimchukia baba. Mtu pekee aliyeweza kusema kama kaka alishiriki au la ni yule fundi.

Nilimkuta baba ameshakusanya vijana na mtumbwi, filimbi shingoni. Kwake jambo lilikuwa rahisi. Miaka yote mwizi akikimbilia kijiji cha jirani, baba alikwenda hadi mpakani, akapiga filimbi, na sungusungu wa kule wakamleta amefungwa kamba. Sasa mpaka ulikuwa maji tu. Nilifurahi mno, nikadai nafasi kwenye mtumbwi.

Bahati nzuri nilikuwa nimempigia wakili mmoja, dada wa Kihaya tuliyepanga naye nyumba moja mjini. Nikamwekea baba simu kwenye spika.

"Shikamoo mzee. Mkimbeba huyo mtu, kule nyinyi ndio watekaji. Halafu Kenya itaandika kuomba mrudishwe nyinyi."

"Kwani kule hawana sungusungu?" baba akauliza.

"Wana mahakama, mzee."

Akatueleza. Mtu akitenda kosa hapa akavuka, nchi yetu humwomba kwa nchi aliyoko. Hati ya kukamatwa inatoka mahakama yetu, inakwenda kule, na hakimu wa kule anakaa kusikiliza: je, ndiye mwenyewe, je, kosa hilo ni kosa na kwao pia, je, anatakiwa kwa haki au kwa chuki. Hakimu akiridhika, mtu huyo anakabidhiwa kwetu. Kesho Kenya ikimtaka mtu aliyejificha kwetu, nasi tunafanya vivyo hivyo. "Na akija," akamalizia, "atashtakiwa kwa kile tulichomwombea tu. Msimlundikie mengine."

"Wahaya mna maneno mengi," baba akasema.

"Na nyinyi Wasukuma mna filimbi nyingi, mzee."

Baba alicheka, akaivua filimbi. Nami nikakata tamaa kidogo, maana nilishaiona safari.

Lakini kumbe karatasi nazo zina mbio zake. Tulitoa maelezo polisi. Hati ikaenda. Ujumbe ukaja kwamba amekamatwa, nikapiga vigelegele sokoni mpaka wateja wakauliza nani anaolewa. Akapinga kuletwa, shauri likaahirishwa, likaahirishwa tena. Siku za mwizi arobaini zilipita zamani, na mimi kila simu ikilia naruka. Baba, ambaye hajawahi kungoja mtu yeyote, alikuwa akinipigia jioni kuuliza kama hakimu wa Kenya ameamua. Mwisho hakimu akaamua: arudishwe kwetu.

Siku ya kukabidhiwa tulikwenda Sirari mpakani, baba nami, tukasimama upande wetu. Wakaja na gari, wakamshusha. Maafisa wakatia saini, kisha askari wa Kenya akafungua pingu zake, kwa kuwa ni mali ya kwao, na kabla wa kwetu hajatoa za kwake, mikono ya yule mtu ikabaki wazi, askari wote wakimtazama. Nilishika mkono wa baba. Fundi hakukimbia. Alisugua vifundo vya mikono, akamwona baba, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Mzee, yule kijana wako nilimtilia dawa kwenye uji. Hakujua kitu. Nimeshaandika maelezo."

Pingu za kwetu zikafungwa, wakaondoka naye. Nilirukaruka pale mpakani kama mtoto, nikamkumbatia mama mmoja muuza ndizi nisiyemjua. Kaka alikuwa msafi! Basi lilikuwa linakwenda Mwanza nami naliona haliendi. Tulipofika njia panda ya kijijini kwetu baba hakushuka. Alisema twende Buzuruga, kesho atawakusanya sungusungu aiondoe adhabu hadharani na kuchinja mbuzi wake mwenyewe.

Kaka tulimkuta amechuchumaa, anapitisha tyubu kwenye beseni la maji. Nilimwambia yote kwa pumzi moja: hakimu, saini, pingu, uji. Alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu kwangu. Baba akasogea.

"Mwanangu, tumemrudisha. Njoo nyumbani."

Kaka aliitoa tyubu majini, akaifuta.

"Yule mlimfuata mpaka Kenya, baba. Serikali mbili zikaandikiana, mkamngoja mpakani. Mimi nilikuwa hapa Buzuruga tu, nauli ya basi moja. Hukuja."

Kaka akachukua msasa, akaanza kusugua palipotoboka.