Chai Nyeusi ya Mama Murekatete

Chai yake ilikuwa nyeusi. Hilo ndilo nililoliona kwanza nilipohamia jirani naye hapa Rugenge: mwanamke anauza maziwa ya ng'ombe wa milimani, bidoni zimejaa mlangoni, lakini kikombe chake hakipati hata tone. Vinundu laini vilivyotapakaa mikononi na shingoni mwake niliviona baadaye, naye akanikamata nikivitazama.

"Weye mutoto, unahesabu? Ukimaliza uniambie, miye nilishindwa."

Nikacheka kwa aibu, na urafiki wetu ukaanza siku hiyo.

Kwao, familia ya wafugaji, aliyekula nyama hanywi maziwa siku hiyohiyo. Alipokuwa msichana aliusahau mwiko huo kwenye arusi moja. Muda mfupi baadaye vinundu vikaanza kutokea, na bibi yake akakata shauri: ni yale maziwa. Murekatete akayaacha kabisa. Alipomzaa Akaliza, mtoto mwenye mabaka ya rangi ya kahawa mgongoni, akaamini kwamba kosa lake limemfuata binti. Akamlea bila maziwa, katika nyumba ya maziwa.

Sasa Akaliza ameolewa kule Luberizi, na ana mimba kubwa. Mama yake alikuwa ameapa kwamba siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina, yeye hatafika.

"Nikimushika, nitamuachia hii yangu."

"Usipofika, basi mtoto wangu akose jina!" Akaliza alimjibu, machozi yakimlengalenga. Kisha akatupeleka sote kwa daktari Josée, mimi nikiwa shahidi kwa sababu nimesoma biolojia.

Daktari aliitazama ngozi ya mama, akaitazama ya binti. Halafu akauliza, "Mama, ng'ombe wana wachungaji wawili. Mmoja akilala?"

"Mwingine anawazuia wasiingie mu shamba ya watu."

"Naye akilala?"

"Tunaitwa kwa chefu wa kijiji!"

"Ndivyo mwili ulivyo. Kila chembe ina nakala mbili za jeni inayozuia uvimbe. Wewe ulizaliwa moja imelala. Ya pili ikilala nayo, mahali hapo kinundu kinaota. Akaliza alirithi kutoka kwako ile iliyolala, ndiyo sababu ya mabaka yake. Mjukuu amekwisha kupata kwa mama yake iliyolala au iliyo macho, uwezekano ni nusu kwa nusu. Kumshika hakubadilishi chochote."

"Na maziwa?"

"Hayahusiki, mama. Hayakuhusika kamwe."

Murekatete akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Na ile nyama," akasema, "haikukuwa hata tamu!"

Akaliza alicheka hadi akashika tumbo.

Tangu siku hiyo daktari anampima Akaliza presha kila anapokuja, na ameahidi kumfuatilia mtoto, kwani mabaka huweza kuchelewa kuonekana. Niliogopa kumuuliza Mama Murekatete itakuwaje yakitokea. Akanijibu kabla sijauliza: kule milimani, ng'ombe wa mabaka ndiye aliyekuwa akiimbiwa zaidi.

Chai yake bado ni nyeusi. Maziwa, anasema, atayanywa siku hiyo ya jina, mtoto akiwa mapajani mwake. Kibuyu amekwisha kukisafisha na kukifukiza moshi wa majani. Kila asubuhi nikifika na sufuria yangu, simu iko mkononi mwake.

"Ngoja kwanza," ananiambia ikilia. "Inaweza kuwa ni Luberizi."